Kahawa Imefunikwa, Mtoto Yuko Juani

Mwezi wa Julai, asubuhi za Mbozi ni za baridi kali. Yunisi aliwasha moto, akachemsha maji, akamwogesha mtoto wake upesi karibu na meko.

Mtoto aliitwa Lusubilo. Alikuwa na umri wa wiki tano. Yunisi alimpaka mafuta ya nyonyo mwili mzima mpaka akang'aa. Akamvika kofia ya sufu, kisha akamzungushia blanketi zito mara mbili. Alifanya hivyo kwa hofu. Mwaka uliopita, katika mwezi huo huo, binti yake wa kwanza, Leah, alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Alikuwa na miezi mitatu tu. Watu wote wa nyumba ile walisema jambo moja: baridi ndiyo iliyomwua. Kwa hiyo waliamua kwamba mtoto wa pili hatakosa jua hata siku moja.

"Jua ni blanketi lisilonunuliwa," alisema Fides, mama mkwe wa Yunisi. "Huyu tutamwanika mpaka akomae."

"Kama kahawa," alisema Amoni, mume wa Yunisi.

Wote walicheka. Yunisi naye alicheka.

Nyumba ile, iliyokuwa upande wa Itaka, iliishi kwa kahawa. Mwenye shamba alikuwa Mzee Mbonile, baba yake Amoni. Chama cha ushirika kilikuwa kimeipa kahawa yake daraja la kwanza miaka miwili mfululizo, na mzee hakutaka kushuka. Kahawa ilichumwa, ikamenywa kwa mashine ya mkono, ikalowekwa, ikaoshwa. Kisha ilianikwa juu ya vichanja, yaani meza ndefu za fito zilizotandikwa majamvi ya matete. Vichanja vyake vilikuwa sita, kila kimoja na jamvi jingine la kufunikia, na vilipangwa kama vitanda vya hospitali.

Uwanja wa vichanja ulikuwa na sheria. Hapakuwa na mti hata mmoja, kwa sababu mzee alikuwa ameikata yote ili kivuli kisiangukie kahawa. Mvutaji wa tumbaku hakukanyaga pale, kwa sababu kahawa hunasa harufu upesi. Na mwanamke mwenye mtoto mgongoni hakukaribia kichanja.

"Mtoto ana mafuta, mtoto ana mkojo," alisema Mzee Mbonile. "Mnunuzi akinusa nyonyo ndani ya kahawa yangu, nitamwambia nini?"

Kwa hiyo Lusubilo aliwekwa ndani ya sanduku la mbao lililotumika kuletea sabuni dukani. Sanduku lilikaa pembeni mwa uwanja, juu ya ardhi tupu, likielekezwa kwenye jua. Karibu nalo palikuwa na kapu la binti wa Priska. Priska alikuwa mke wa jirani, aliyekuja kusaidia kuchambua kahawa. Binti yake alikuwa na miezi minne.

"Wako analia kama mwalimu wa zamu," Priska alimtania Yunisi. "Wangu amezoea. Ameshakuwa mkulima."

Kila siku, jua lilipopanda, Mzee Mbonile alipita kichanja kwa kichanja. Aliingiza kiganja chake katikati ya punje za kahawa, akatulia, akahesabu moyoni. Kiganja kile kilikuwa maarufu hata kijiji cha Isansa. Kilipohisi joto limezidi, mzee aligonga jembe bovu lililoning'inia kwenye nguzo. Mara nyingi ilikuwa saa tano hivi.

"Funika," aliita.

Wote walikimbia. Jua la mchana hupasua ganda jembamba la kahawa ambayo haijakauka, na kahawa iliyopasuka hushuka daraja. Yunisi alishika upande mmoja wa jamvi, Priska upande mwingine, wakakifunika kichanja cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka cha sita. Kahawa ilibaki chini ya majamvi hadi saa tisa. Baada ya kufunika, wanawake walirudi kwenye mashine kuosha kahawa mpya. Sanduku na kapu vilibaki mahali pale pale.

Hakuna aliyeona kasoro. Upepo ulivuma baridi. Watu wazima walivaa makoti. Nani angeliogopa jua katika mwezi wa Julai?

Siku ya Alhamisi, Lusubilo hakulia.

"Leo mwalimu amepumzika," alisema Priska.

"Amezoea," alisema Fides. "Mtoto mpole kama baba yake."

Yunisi alifurahi. Aliosha kahawa bila kugeuza shingo. Saa nane alipokwenda kumnyonyesha, alikuta mtoto amefumba macho. Mashavu yake yalikuwa makavu na yamekaza. Midomo ilikuwa mikavu. Yunisi alimgusa kifuani, akautoa mkono haraka. Mtoto alikuwa wa moto kama sufuria. Alimpa ziwa, naye hakulishika. Alimfungua winda, nalo lilikuwa kavu tangu asubuhi. Alimwinua, mikono yake midogo ikaning'inia.

"Mama," alimwita Fides, "mtoto hanyonyi."

Fides alikuja, akagusa paji la uso. "Ni homa. Ni kifua kile kile. Lete blanketi la pili."

Yunisi aliliangalia blanketi la kwanza. Lilikuwa limelowa jasho mgongoni mwa mtoto. Hakuleta la pili. Alimkumbatia Lusubilo na kukimbia.

Alikimbilia nyuma ya kanisa, nyumbani kwa Loisi. Loisi alikuwa mke wa mwinjilisti. Alikuwa amesomea ukunga katika hospitali ya misheni, na watu wengi wa kijiji kile alikuwa amewapokea yeye walipozaliwa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimtazama mtoto mara moja tu.

"Ingia ndani. Kaa hapa penye upepo. Vua kofia. Vua blanketi. Vua vyote."

"Mama Mkunga, atapata baridi."

"Vua, mwanangu."

Loisi alichovya kitambaa laini katika maji ya vuguvugu, akaanza kumfuta mtoto: shingo, makwapa, mapaja. Alimpa Yunisi jalada gumu la daftari ampepee. Kisha akamwambia akamulie maziwa yake kidogo ndani ya kikombe safi. Akamdondoshea mtoto maziwa yale kwa kijiko, tone moja moja.

"Nimpe na maji?" aliuliza Yunisi.

"Hapana. Mtoto wa wiki tano maji yake yamo ndani ya maziwa yako. Mjaribishe ziwa kila baada ya muda mfupi."

Jua liliingia mlangoni na kuchora mstari sakafuni. Loisi aliuonyesha kwa kidole.

"Mstari huo ukifika kwenye mguu wa kiti, naye hajanyonya, sitasubiri. Mume wangu atachukua baiskeli, tutampeleka hospitali hivi hivi alivyo."

Yunisi aliutazama mstari. Alimpa mtoto ziwa, akakataa. Kijiko. Kitambaa. Ziwa tena. Mstari ulisogea. Alimfikiria Leah, na kaburi lile dogo lililokuwa nyuma ya nyumba. Mstari ulikuwa umebakiza upana wa vidole viwili kufika kwenye mguu wa kiti, Lusubilo alipofungua kinywa. Alilishika ziwa kwa udhaifu, akaliacha. Kisha akalishika tena, akavuta.

Baada ya muda magoti ya Yunisi yakalowa. Mtoto alikuwa amekojoa.

"Sasa," alisema Loisi, akakaa chini. "Nieleze. Mchana alikuwa wapi?"

"Uwanjani, Mama Mkunga. Ndani ya sanduku lake."

"Kivulini?"

"Uwanja wetu hauna kivuli. Lakini upepo ulikuwa wa baridi. Hata mimi nilivaa koti."

"Upepo ndio unaowadanganya. Upepo unapoza ngozi yako, nawe husikii jua. Lakini jua linachoma vile vile. Wewe ukichoka nalo utaondoka. Yeye ataondokaje? Ngozi yake ni nyembamba. Mwili wake haujajua kujipoza. Nanyi mmemfunga ndani ya blanketi, mkamtia ndani ya sanduku lisilopitisha hewa."

"Nilimpaka mafuta."

"Mafuta hayazuii jua. Huilainisha ngozi tu. Na alipoacha kulia, nani alikuja kumwangalia?"

Yunisi aliinamisha kichwa. "Tulisema ni mpole."

"Mtoto aliyezidiwa na joto hana nguvu ya kulia. Kimya kile kilikuwa kilio chake." Loisi alikikamua kile kitambaa. Kisha akauliza taratibu, "Mzee Mbonile aligonga jembe leo?"

"Aligonga."

"Mkafanya nini?"

"Tukafunika kahawa."

"Kwa nini?"

"Jua la mchana lisiipasue," alijibu Yunisi.

Alijisikia akisema maneno yale. Aliona majamvi sita juu ya vichanja sita, yamenyooshwa vizuri, hakuna hata punje iliyokuwa wazi. Aliona na lile sanduku. Mwanzoni alitaka kulia. Kisha machozi yakakataa, na mahali pake pakaja hasira ambayo hakuwahi kuijua. Alijikasirikia. Aliikasirikia mikono yake, iliyokuwa hodari hivyo wa kuvuta majamvi. Aliwakasirikia watu wazima wote wa uwanja ule, waliojua hatari ya jua, wakaijua kwa kahawa peke yake.

Siku tatu Yunisi alikaa nyumbani. Lusubilo alinyonya, akarudi hali yake. Siku ya nne aliitwa kazini, kwa sababu kahawa ilikuwa imejaa. Alimvika mtoto kijishati chepesi cha mikono mirefu, akaliacha blanketi kitandani.

Katika nyumba ile mkwe hakusema moja kwa moja na baba mkwe wake. Aliinamisha uso, na neno lake lilipita kwa Fides, hata kama wote watatu walisimama mahali pamoja. Yunisi alifuata desturi.

"Mama, tafadhali mwambie Baba kwamba naomba kivuli cha mtoto. Mama Mkunga amesema jua ndilo lililomwangusha."

Fides alilifikisha neno. Mzee Mbonile alikuwa akigeuza kahawa kwa reki ya mbao.

"Mwambie mkwe," alisema bila kuinua macho, "kwamba mimi nilikulia juani, na baba yake Lusubilo alikulia juani. Leah alikaa ndani kivulini, na tulimzika. Tena nikisimamisha nguzo hapa, kivuli kitaangukia kahawa. Msimu ukiisha tutazungumza."

"Umesikia," alisema Fides.

Yunisi alisikia. Alimlaza mtoto ndani ya sanduku, akasimama mwenyewe upande wa jua ili mwili wake umtilie kivuli. Mzee alimtazama Fides kwa jicho la kuuliza ni lini mkwe ataanza kazi.

Saa tano kiganja kilipita. Jembe lililia.

"Funika."

Walifunika kichanja cha kwanza, cha pili na cha tatu. Walipofika cha nne, Yunisi alivuta jamvi, likamtoka Priska mikononi. Hakulipeleka juu ya kahawa. Alilikunja begani, akavuka uwanja, akachomeka fito mbili karibu na sanduku, akalitandaza jamvi juu ya fito hizo. Kisha akamtoa Lusubilo ndani ya sanduku, akamlaza juu ya kanga chini ya jamvi, mahali upepo ulipopita. Priska na Fides walifunika cha tano na cha sita.

"Kichanja cha nne kiko wazi," alisema Mzee Mbonile.

Yunisi alisimama.

"Fides, mwambie mkwe kichanja cha nne kiko wazi. Kahawa itapasuka."

"Na ipasuke, Baba," alisema Yunisi.

Alimtazama usoni. Priska aliacha kinywa wazi. Fides alishika kichwa.

"Ipasuke," alirudia Yunisi. "Kahawa ina majamvi sita. Ina mlinzi. Ina kengele. Ikipata joto kidogo watu wazima wanaangusha kila kitu, wanakimbia. Mwanangu alilala hapa mchana kutwa akipikwa, nami nilimpita mara tatu nikikimbilia kahawa. Tulimsifu kwa kunyamaza. Leah alikufa, na Baba anamtumia kama sababu ya kumwua na huyu. Sikubali. Kama uwanja huu una kivuli cha kahawa na hauna kivuli cha mtu, kahawa ichambuliwe na kahawa yenzake."

"Amoni ameoa simba," alinong'ona Priska. Lakini hapo hapo alikwenda kulichukua kapu lake, akaliingiza chini ya lile jamvi.

Mzee Mbonile aliweka reki chini. Wakati huo Loisi alikuwa akija kwa njia ya kanisani, kumwangalia mgonjwa wake kama alivyoahidi. Alikuwa amesikia maneno ya mwisho ya Yunisi.

"Mwagona, Baba," alisalimu, akiuliza walivyolala.

"Tumelala vizuri," alijibu mzee kwa ukali. "Umemfundisha mkwe wangu matusi."

"Sikumfundisha neno lolote. Nilimwuliza tu mnafunika kahawa kwa nini." Loisi aligeuka kulitazama sanduku tupu lililobaki juani. "Baba, watu wote wanajua kiganja chako. Nakuomba ukitumie mara moja zaidi. Kiingize humo ndani."

"Ndani ya sanduku la sabuni?"

"Humo alimolala mjukuu wako."

Mzee alitaka kukataa. Lakini alikuwa mtu wa kupima, na mtu wa kupima hawezi kupita kitu bila kukipima. Alipiga goti. Aliingiza kiganja chake, akakiweka juu ya ubao wa chini, akatulia, akahesabu moyoni kama alivyozoea.

Hakumaliza kuhesabu. Alikitoa kiganja, akakitazama. Akaenda kwenye kichanja cha nne, akakiingiza ndani ya kahawa. Akarudi kwenye sanduku, akakiingiza tena.

"Kahawa ni baridi kuliko hapa," alisema.

Alikiweka kiganja kwenye ubao mara ya tatu.

"Ni baridi sana kuliko hapa," alisema tena, kwa sauti ya mtu anayesoma barua mbaya.

Loisi alichuchumaa karibu naye. Sasa alisema kwa upole. "Leah hakufa kwa kukosa jua, Baba. Alikuwa na ugonjwa wa mapafu. Ugonjwa ule hauponi kwa kuanikwa. Mtoto akipumua kwa shida, mbavu zikavutika ndani, apelekwe hospitali siku ile ile. Dhidi ya baridi, mvisheni kiasi, abebwe kifuani kwa mama, anyonye, na awekwe mbali na moshi. Jua kali halimkingi."

"Asitoke nje kabisa?"

"Atoke. Mama akimbeba asubuhi na mapema, mwanga huo unamtosha. Lakini mpaka afikishe miezi sita asilazwe juani hata kidogo, na saa za mchana akae kivulini kabisa, hata kama kuna upepo, hata kama kuna mawingu. Nguo nyepesi, mikono na miguu ifunikwe, kofia yenye ukingo wakiwa njiani. Uso usifunikwe kwa nguo nzito, apate hewa. Anyonye mara nyingi kuliko siku nyingine. Na mtu mmoja amwangalie kila mara. Akiwa wa moto, amelegea, hakojoi au hanyonyi, vueni nguo, mfuteni, mkimbie."

Mzee Mbonile alisikiliza mpaka mwisho. Aliutazama uwanja wake, kisha akalitazama jua. Katika mwezi ule jua lilikaa upande wa kaskazini, na kila kivuli kililala kuelekea kusini.

"Priska," alisema, "niletee panga. Fides, mwite Amoni aje na nguzo nne na nyasi. Banda tutalijenga kusini mwa vichanja. Kivuli chake kitaanguka huko bondeni, hakitarudi kwenye kahawa." Alikwenda hatua mbili, akasimama. "Ningeliweza kulijenga tangu zamani."

Banda lilisimama kabla ya jioni. Lilikuwa na paa nene la nyasi, pande mbili zilizo wazi kupitisha hewa, na kitanda cha fito kilichoinuliwa kutoka ardhini. Wanawake walipanga zamu. Aliyekuwa wa zamu hakugusa kahawa. Kazi yake ilikuwa kuwaangalia watoto, na mama yeyote aliitwa mtoto wake alipotaka kunyonya, hata kama mashine ilikuwa inazunguka. Lile sanduku la sabuni Amoni alilipasua kuni mwenyewe.

Kahawa ya kichanja cha nne ilipasuka kweli, nusu yake. Mzee Mbonile aliitenga. Hakuipeleka ushirika wala hakuitaja kwa mtu. Fides aliikaanga, akaitwanga, wakainywa nyumbani msimu mzima. Iliyobaki ilipata daraja lake la kwanza.

Mwezi wa Oktoba ulifika, na joto lake. Watoto wachanga waliolala katika banda lile walikuwa wanne sasa, kwa sababu mama wawili wa jirani walikuwa wameomba nafasi. Lusubilo alikuwa na mashavu mawili ya kujaa mkono, na alilia kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Kila alipolia, Yunisi alikwenda.

Siku moja Mzee Mbonile alipita kwenye vichanja kama kawaida. Aliingiza kiganja katika kahawa, akatulia. Lakini hakwenda kwenye jembe. Alikwenda bandani, akainama, akakiweka kiganja juu ya kitanda cha fito kando ya mjukuu wake, akahesabu mpaka mwisho.

Kisha aligeuka. Fides alikuwa karibu, naye akajiandaa kulipokea neno. Mzee alimpita kwa macho.

"Mama Lusubilo," alisema, "hapa ni baridi. Sasa tunaweza kufunika kahawa."